Kijiji Kilichohama na Jina Lake

Siku ya kwanza: Tabora mjini

Basi limeniteremsha stendi alfajiri, mgongo umekufa ganzi, begani nimening'iniza kipande cha bomba la maji la inchi tatu kilichozibwa pande zote mbili. Ndani mna ramani. Kijana wa bajaji akataka kujua ni kitu gani, nikamwambia. Akapunguza mwendo, akageuza shingo. "Ramani ya Mjerumani?" Moja ni ya Mjerumani, nikamjibu. Hakusema tena neno hadi tunafika Ng'ambo, ila nilipomlipa akaomba namba yangu ya simu.

Mjomba ndiye aliyenifumbua macho, huku anacheka. Mjerumani aliondoka Tabora Septemba 1916, Wabelgiji wakaingia, na watu wanaamini mpaka leo kwamba aliacha masanduku ya rupia chini ya miembe. Mtu anayeshuka na ramani ya zamani hana haja ya kujieleza. Watu wanasubiri tu kuona sepetu ameificha wapi. "Utakana mpaka uchoke," Mjomba akasema. "Kula kwanza."

Tunachokitafuta hakina bei sokoni. Bibi mzaa mama alizaliwa kijiji fulani magharibi ya Tabora, kaskazini ya reli, upande wa mto Igombe. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilipopita, ukoo ukahamishiwa kijiji kipya kando ya barabara, na kaburi la baba yake Bibi likabaki porini. Bibi ameshatangulia. Sasa Mama anataka kujua kaburi hilo liko wapi, na hapo ndipo ubishi ulipo. Mjomba, aliyekuwa na miaka kumi na tano wakati wa kuhamishwa, anakumbuka mahali penye kilima nyuma na mbuga mbele. Bibi enzi za uhai wake alikuwa akieleza mahali pasipo na kilima kabisa, penye mkwaju mmoja mkubwa na uzio wa minyaa. Jina la kijiji ni lile lile. Kila msiba wa ukoo ubishi huu unafufuka, na kila mara unaishia kwenye kuvunjiana heshima. Jina lenyewe siliandiki hapa. Sababu utaiona siku ya tano.

Baada ya chai tukatandika mkeka sebuleni, tukazitandaza ramani na kuzikandamiza kwa vikombe na bakuli la matobolwa. Vile viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa, wenyeji watakwambia ndivyo vilivyoupa mji jina.

Ya kwanza ni ya Kijerumani, kipimo cha 1:300,000, iliyochapwa Berlin na kampuni ya Dietrich Reimer mwanzoni mwa karne iliyopita, kazi ya wachoraji Paul Sprigade na Max Moisel. Nakala yake niliipakua mtandaoni, nikaichapisha kwenye karatasi kubwa. Sentimita moja ni kilomita tatu. Ya pili ni ile ya 1:50,000, ya familia ya ramani zilizochorwa kutokana na picha za ndege, ambayo ofisi moja Dar es Salaam ilinizungusha wiki tatu kabla ya kuniuzia. Sentimita moja ni nusu kilomita, kila kijito na kila njia ya miguu imo. Ya tatu ni simu yangu yenye picha za setilaiti.

Hii ya Kijerumani inataka kuzoewa. Ukiitazama kwa karibu unaona majina yamepangwa kama shanga kwenye uzi. Uzi ni njia aliyopita mtu mmoja: ofisa, mmisionari, mpimaji, mwenye dira mkononi na saa mfukoni, anaandika "saa moja na nusu kuelekea kaskazini-magharibi, kijiji, dakika arobaini, mto mkavu". Usiku anapima nyota ajue yuko wapi. Daftari linapelekwa Berlin, na huko mtu asiyewahi kukanyaga Unyamwezi anaziunganisha njia za watu kumi kuwa nchi. Kati ya uzi na uzi karatasi ni nyeupe. Hapa na pale pameandikwa Pori, neno letu kabisa, herufi zimetawanywa kujaza nafasi.

Mjomba hakuvutiwa na weupe ule. "Kwa hiyo ambapo Mzungu hakupita hapakuwa na watu?"

Nikamtolea karatasi ya nne, niliyoileta kwa utani. Ni ramani ya mwaka 1856, ya wamisionari Erhardt na Rebmann, waliokaa pwani wakiwauliza wafanyabiashara na wapagazi kuhusu bara. Kila aliyeulizwa alitaja maji makubwa, nao wakayaunganisha maji yote kuwa ziwa moja la kutisha, limejikunja kama konokono aliyetoka kwenye gamba lake, na wakaliita bahari ya Uniamesi, yaani ya Unyamwezi. Mjomba alilitazama kwa muda mrefu. "Kumbe tulikuwa na bahari yetu wenyewe." Mwaka uliofuata, Novemba 1857, wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walifika hapa, mahali walipopaandika Kazeh, na mwenyeji wao Snay bin Amir, Mwarabu aliyekuwa akifanya biashara hapa, akawaeleza kwamba maziwa yako mbalimbali na la kaskazini ni kubwa kuliko la Ujiji, yaani Tanganyika. Ramani nzima ya konokono ikavunjwa kwa mazungumzo ya barazani.

Mjomba alikaa reli zaidi ya miaka thelathini, gengi ya kutengeneza njia, na miaka kadhaa alikuwa Kigoma. Kwa hiyo nilipomwambia kwamba Speke alipima urefu wa Ziwa Tanganyika kutoka usawa wa bahari kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, akapata kama mita 562 wakati ziwa liko kwenye mita 773 hivi, alipiga paja. "Mita mia mbili! Huyo angepanga mataruma, treni ingeingia ziwani." Kipimajoto chake kilikuwa kibovu, nikamtetea. Hakutaka kusikia.

Kazi ya maana siku hii ilikuwa kusoma kwa sauti. Mjerumani aliandika majina kwa masikio yake: y yetu kwake ni j, j yetu ni dj, ch ni tsch. Unyanyembe ni Unjanjembe, Ujiji ni Udjidji. Nilikuwa nimeikodolea macho ramani hiyo miezi miwili bila kukiona kijiji chetu. Nikaanza kusoma jina baada ya jina, kama mwalimu anayeita mahudhurio, Mjomba amefumba macho. Kwenye uzi wa nne akainua kidole. "Rudia hilo." Nikarudia kama lilivyoandikwa, yeye akalitamka kama linavyotamkwa, na lilikuwa ndilo, limetanguliwa na neno dogo "Kwa" ambalo nilidhani ni sehemu ya jina.

Tukalitafuta kwenye ramani ya pili. Lipo, bila "Kwa". Tatizo ni kwamba tulipopima kwa rula, kati ya mahali pa ramani ya kwanza na pa ramani ya pili palikuwa na kilomita kumi na moja.

Mjomba akaweka kidole penye ramani ya pili. "Hapa. Nilishasema." Kisha akaenda kulala.

Siku ya pili: Kwihara

Leo tulitaka kuijaribu ramani mahali tunapopajua, kabla ya kuiamini porini. Tukaenda Kwihara kwa bajaji (kijana ni yule yule, sijui alijuaje tunatoka saa ngapi).

Kwihara ina tembe aliyokaa Livingstone mwaka 1872. Stanley alimpata Ujiji mwaka uliotangulia, wakaja pamoja hadi hapa, Stanley akaendelea pwani mwezi Machi, na mzee akabaki miezi mitano akisubiri wapagazi atakaotumiwa, akaondoka Agosti kwa safari ambayo hakurudi. Jengo lililopo limejengwa upya, lakini umbo ni la tembe: kuta nene za udongo, paa bapa la udongo juu ya nguzo, mlango mzito wa kuchonga wa kipwani. Ndani kuna baridi ya kupendeza. Picha na nakala za barua zimetundikwa ukutani. Nilichokipenda zaidi ni kusimama barazani na kuangalia kile ambacho ramani haionyeshi: bonde zuri, miembe mikubwa, mtu anapalilia. Miembe hiyo ni alama bora kuliko wino. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia hapa hadi Ujiji unaweza kuifuata kwa miembe iliyoachwa na wafanyabiashara wa pwani.

Kwenye ramani ya Kijerumani, Kwihara ikilinganishwa na Tabora imekaa mahali pake kwa tofauti ya milimita moja na kidogo. Hapa karibu na boma lao walipima vizuri, hilo halishangazi.

Jioni tukapita Itetemia, kulikokuwa na ngome ya Mtemi Isike aliyepigana na Wajerumani mpaka Januari 1893, na walipoingia ndani akalipua ghala lake la baruti. Mahali pa mtemi paliitwa ikulu au kwikuru, na Mnyamwezi yeyote atakukumbusha kwamba neno Ikulu la Dar es Salaam liliondoka hapa kwa miguu kama wapagazi. Mjomba alinikumbusha mara mbili.

Siku ya tatu: Usoke, na mita 300

Hiace hadi Usoke, lami safi, reli upande wetu muda wote. Mjomba aliitazama reli kama mtu anayemtazama mke aliyeachana naye kwa wema. Reli hii ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kila ramani iliyochorwa baada ya hapo imeiegemea: vijiji vya kando ya reli vina majina yaliyonyooka, vya mbali vina majina ya kubahatisha.

Usoke tukachukua bodaboda mbili kuelekea kaskazini. Mchanga, kisha miombo, kisha mashamba ya tumbaku yaliyokwisha kuvunwa na mabani yake marefu ya kukaushia, kisha miombo tena. Ni Septemba, pori limeungua sehemu sehemu, majani mapya ya miombo yametoka mekundu kabla ya mvua. Ndorobo walitusindikiza. Anayesema ndorobo anauma kama nyuki hajaumwa na wa huku juu ya shati la mikono mirefu.

Nilikuwa nimesoma latitudo na longitudo ya kijiji kwenye ramani ya 1:50,000 usiku ule wa kwanza, nikaziingiza kwenye simu, na simu ikatuongoza kwa heshima zote hadi katikati ya shamba la tumbaku. Masalia ya mashina, udongo wa kichanga, hakuna kitu. Hakuna kilima nyuma wala mbuga mbele. Nikazunguka, nikazima simu, nikaiwasha. Vijana wa bodaboda walikaa kivulini wakinitazama kwa subira ya watu wanaolipwa kwa siku. Mjomba hakusema lolote, na nilitamani angesema.

Tukalala kwa jamaa wa upande wa mke wa Mjomba, kijiji cha jirani. Ugali, mlenda wenye karanga, na maswali: sisi ni watu wa ardhi? Ni watu wa madini? Bomba lile lina nini? Usiku, kwa taa ya sola, nikaifungua ramani kusoma yale maandishi madogo ya pembeni ambayo hakuna anayeyasoma. Yameandikwa "Arc", na mwaka 1960.

Nilijipiga kofi kwenye paji la uso. Ramani yoyote imesimikwa juu ya umbo la dunia ambalo wapimaji walikubaliana kulitumia, na umbo la ramani zetu za zamani si lile ambalo simu zinatumia. Namba zile zile za latitudo na longitudo, ukizitoa kwenye umbo moja na kuzisoma kwenye jingine, zinakuangusha pengine. Kwa sehemu zetu kosa ni kama mita 300, hasa kuelekea kaskazini. Kwenye ramani ya Kijerumani hiyo ni milimita moja tu, unene wa kalamu. Kwenye hii ya 1:50,000 ni milimita sita, na porini ni tofauti ya kuona kilima na kutokukiona.

Nikamwamsha Mjomba nimwambie. "Kwa hiyo simu inajua dunia nyingine," akasema, akageukia ukutani.

Siku ya nne: Hicho si kijiji

Saa moja asubuhi tulirudi shambani, tukashuka kusini mita mia tatu na kidogo, na miti ilipofunguka Mjomba akasimama. Kilima nyuma. Mbuga mbele, nyeusi, imepasuka kwa ukame. Akaanza kutembea bila kuniuliza, haraka kuliko nilivyomwona akitembea miaka mingi: hapa nyumba ya Bibi, hapa zizi, hapa walichimba udongo wa matofali, shimo lenyewe hili. Palikuwa na kichuguu ambacho alikiamkia kwa jina la utani walilokipa utotoni. Vipande vya vyungu vimelala juu ya udongo kana kwamba vimedondoka jana.

Alinionyesha na kaburi, mwinuko mdogo wenye mawe matatu chini ya mninga. "Baba yake Bibi yako. Nilikuwepo tunamzika, nilikuwa na miaka minane." Nikapiga picha, nikaandika namba, safari hii kwa umbo la dunia lililo sahihi. Ubishi umekwisha, nikasema moyoni. Ramani ya Mjerumani imekosea kwa kilomita kumi na moja, na kwa mtu mwenye saa na dira si aibu.

Isipokuwa yule jamaa aliyetulaza alisisitiza tusiondoke bila kumsalimia bibi mmoja wa ukoo wetu, mkongwe kuliko wote. Umri wake anauhesabu kwa njaa, si kwa miaka. Tulimkuta kivulini anapukuchua karanga. "Mwangaluka, mayo," Mjomba akapiga goti. Wakaulizana watu, walio hai na waliokwenda, na hilo lilichukua saa nzima, ndivyo inavyopaswa. Kisha nikatoa ramani ya Kijerumani, nikamsomea lile jina.

Akaacha kupukuchua. "Wewe, hicho si kijiji. Ni mtu."

Ni jina la mwanangwa, mkuu wa kijiji enzi za watemi. Kijiji kiliitwa kwa jina lake, kwa fulani, ndiyo maana ya lile "Kwa" dogo nililolipuuza na ambalo wachoraji wa baadaye walilidondosha wakidhani halina kazi. Ardhi ikichoka, au mkuu akifa, au kukiwa na mkosi, watu walihama wakajenga pengine, na aliyerithi ukuu alirithi na jina. Jina lilikwenda na watu. Mahali palibaki pori. Kwa hiyo Mjerumani hakuandika jina la ardhi. Aliandika nani alikuwa hai na anaheshimiwa siku ile alipopita, na ramani ikaligeuza jina la mtu kuwa mahali.

Nikamuuliza kuhusu kile cha kwanza, cha magharibi, chenye mkwaju. Akasema hakika kilikuwepo, naye alizaliwa huko huko pamoja na Bibi. Wakiwa wasichana wadogo ilikuja amri ya malale. Katika miaka ya 1920 na 1930 Waingereza waliwakusanya watu wa sehemu nyingi za huku kutoka vijiji vilivyotawanyika wakawaweka kwenye makazi makubwa yaliyofyekwa, ili ndorobo wasiwe na kichaka cha kujificha karibu na watu. Ugonjwa ulipungua, na pori likachukua vijiji vilivyoachwa. Baada ya miaka, mrithi wa jina akatoka kwenye makazi na watu wake wakajenga hapa penye kilima. Na hapa wakakaa hadi Mwalimu alipotangaza Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na mwaka uliofuata malori yakaja. Mara mbili ndani ya umri wa mtu mmoja.

"Na baba yake Bibi alizikwa wapi?" nikauliza.

"Yupi?"

Mjomba akageuka kunitazama, na nadhani tulielewa kwa pamoja. Bibi alikuwa na baba, na alikuwa na baba mkubwa aliyemlea baada ya baba kufa, na wote wawili alikuwa akiwaita baba, kama sisi sote tunavyofanya. Aliyezikwa penye mninga ni yule aliyemlea. Aliyemzaa alikufa kabla ya malale, akazikwa chini ya mkwaju. Miaka hamsini ya watu kuvunjiana heshima misibani, na kila mtu alikuwa anasema kweli kuhusu kaburi tofauti.

Ilikuwa saa sita. Kilomita kumi na moja. Mjomba akasema twende.

Kwenye picha ya setilaiti nilikuwa nimeona kitu tangu Dar es Salaam na sikukipa uzito: duara iliyokatika, kijani iliyokolea, katikati ya pori la rangi ya vumbi, kama alama ya kikombe kwenye meza. Tulikwenda kwa bodaboda mpaka njia ikafa, tukatembea kama saa moja, tukapita miti iliyopakwa rangi nyekundu shinani, mpaka wa hifadhi ya msitu. Kisha tukafika kwenye minyaa. Uzio wa kijiji, ule uliopandwa vijiti kuzuia fisi na maadui, umekua ukawa miti inayotupita kimo mara mbili, maziwa yake yale yale ya kupofusha macho. Nyumba za udongo zimeyeyuka, watu wameondoka, uzio bado unalinda.

Tukaingia palipokatika. Mkwaju upo, na chini yake maganda ya ukwaju wa mwaka jana. Hatua kama ishirini kutoka pale kijana wa bodaboda alijikwaa, na alichojikwalia ni jiwe la kusagia. Lile la chini, jiwe mama. Urefu kama mkono kuanzia kiwiko hadi vidole, katikati limelika na kuwa kama mtumbwi, na kwenye ule mtumbwi jiwe ni laini kama ndani ya kikombe. Upande mmoja limelika zaidi ya mwingine. Mjomba alilipangusa majani, akaweka kiganja ndani, akakisukuma mbele na kukirudisha, mara tatu nne, kama anayesaga. "Alikuwa anatumia mkono wa kushoto," akasema. Sijui kama ni kweli, wala kama jiwe linaweza kusema hivyo, lakini Mama anatumia mkono wa kushoto.

Hatukuona kaburi, na hatukulitafuta kwa kuchimbua. Mjomba alivua kofia akasimama chini ya mkwaju muda wake. Mimi nikapima. Alama ya Mjerumani iko mita mia saba hivi kutoka kwenye uzio, milimita mbili na kidogo kwenye karatasi, kazi ya mtu aliyekuwa anatembea kwa miguu na kuhesabu dakika. Asubuhi nilikuwa nimemhukumu bure.

Siku ya tano: Usoke, fotokopi

Mwenyekiti wa kijiji alitukuta kabla hatujamaliza uji. Habari zilikuwa zimefika: kuna watu wana ramani ya Mjerumani, wameingia hifadhini, wametoka mikono mitupu, kwa hiyo wamekwenda kuweka alama na watarudi usiku. Nikaitandaza ramani nje, mbele ya kila mtu, nikaeleza. Mzee mmoja akauliza kama yale maandishi ya "Pori" ndiyo yanayoonyesha dhahabu.

Mwenyekiti hakujali dhahabu. Alipoona jina liko ndani ya eneo ambalo leo ni hifadhi, alinyamaza, kisha akaomba nakala. Kijiji kina mgogoro wa mpaka na hifadhi, na kijiji jirani nacho kinasema sehemu ile ile ni ya babu zao. Hii ndiyo sababu siandiki jina. Nilimweleza kadiri nilivyoweza: ramani hii inathibitisha kwamba mtu mmoja alipita njia moja na akamkuta mwanangwa fulani. Haisemi mpaka ulikuwa wapi. Vijiji vingine vilivyokuwa kilomita tano nje ya njia yake havimo, na si kwa sababu havikuwepo. Jirani akija na ukoo wake wenye kumbukumbu nzuri na karatasi nyeupe, karatasi isimnyamazishe. Alisikiliza kwa adabu. "Lakini nakala utanipa," akasema, na sikuona haki ya kumnyima kitu ambacho mimi nilikipata bure mtandaoni nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Usoke kuna duka la steshenari lenye mashine moja. Dada wa mashine aliitazama ile karatasi, akasema hana kubwa, ataibana iingie kwenye A4. Ikatoka nzuri, yenye uchafu mdogo pembeni. Mwenyekiti alikuwa anaikunja nikamwomba dakika moja. Chini pameandikwa 1:300,000, na kwa kuibana namba hiyo imekuwa uongo. Mtu akipima kwa rula kwenye nakala hii mbele ya baraza la ardhi atahama kijiji mara ya tatu. Ule mstari wa kilomita uliochorwa karibu yake umepungua pamoja na ramani, kwa hiyo bado ni wa kweli. Nikaazima kalamu, nikaikata namba kwa mistari miwili, nikauzungushia mstari duara, nikamwonyesha jinsi ya kupima kwa ukingo wa karatasi. Alijaribu mwenyewe, kutoka relini hadi kwenye jina, akapata kilomita zilezile nilizopata mimi. Akafurahi.

Mjomba alikuwa ameshapata viti viwili vya mbele kwenye hiace. Tulipokaribia Mabama simu ikaita, namba nisiyoijua. Ni kijana wa bajaji, anatusubiri stendi, anataka kujua kama tumepata.

"Tumepata," nikamwambia. "Jiwe la kusagia."

Akakaa kimya kidogo. "La dhahabu?"